Jinsi Aina Mpya ya Bluberi Inavyozaliwa na Kupimwa

Maneno ya Bwana Shamba mbele ya wakulima wa milimani

Nawashukuru kwa kuacha majembe yenu asubuhi hii mkaja kunisikiliza. Sitawakawiza, kwa maana najua wenye ng'ombe hawana budi kurudi mapema.

Tangu mvua za masika nimeulizwa swali moja na watu wengi wa hapa: "Bwana Shamba, tupande bluberi ya aina gani?" Mnajua wenyewe kwa nini swali hili limezuka. Katika nyanda za juu za Kenya tunda hili sasa linalimwa na makampuni makubwa, na wakulima wadogo wachache wameanza kulijaribu. Linapelekwa ng'ambo, na wauzaji wa miche wamefika mpaka vijijini. Mche mmoja wa bluberi una bei kubwa kupita mche wa kahawa. Basi mtu akikosea aina, fedha zake zimekwenda, na miaka mitatu ya kungoja imekwenda pamoja nazo.

Kwa hiyo sitawajibu mara moja. Nataka kwanza niwaeleze aina mpya ya bluberi inatoka wapi, nani huizaa, na hupimwaje kabla ya kupewa jina. Mkishayajua hayo, mtaweza kumwuliza mwuza miche maswali ambayo hawezi kuyakwepa.

KICHAKA CHA PORINI

Bluberi ninayoisema ni ile ya kichaka kirefu, yenye kufika futi sita na zaidi. Asili yake ni mashariki ya Amerika Kaskazini, katika vinamasi na misitu yenye mchanga. Miaka mia moja na kitu iliyopita hapakuwa na shamba lake popote duniani. Watu waliichuma porini tu, kama watoto wetu wanavyochuma forsadi njiani. Wako waliojaribu kung'oa vichaka na kuvipanda bustanini, katika udongo mzuri wenye samadi nyingi, na vichaka vikafa. Watu wakasema mti huu haufugiki.

Mwaka 1906 bwana mmoja wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, jina lake Frederick Coville, alianza kuuchunguza. Alipanda miche katika udongo wa namna nyingi, mwingine wa rutuba nyingi, mwingine wenye chokaa, mwingine wa kinamasi usiopendwa na mkulima ye yote. Ile ya udongo wa rutuba na chokaa ikadhoofu. Ile ya udongo mchachu wa kinamasi ikasitawi. Mwaka 1910 aliandika kitabu cha serikali kueleza mambo hayo. Sisi tungesema kwamba bluberi inataka udongo kama wa chai, wenye kipimo cha pH kati ya 4.5 na 5.5. Mizizi yake ni myembamba sana kama nyuzi, haina vinyweleo kama mizizi ya mahindi, na hukaa juu juu.

Hapa nitaungama kosa langu. Mkulima wa kwanza aliyeniuliza habari za bluberi nilimshauri atie samadi ya kutosha, na baadaye mbolea ya CAN, kama tunavyofanya kwa mahindi. Baada ya miezi michache majani yakawa manjano, yakabaki kijani kwenye mishipa tu. CAN ina chokaa ndani yake, na chokaa ndiyo adui wa mti huu. Ilitupasa kutumia salfeti ya amonia, tena kidogo kidogo. Tena maji ya kisima chake yalikuwa na chumvi za chokaa, wala sikuyapima. Mkulima yule alinisamehe, lakini vichaka havikumsamehe.

Sasa turudi Marekani. Kitabu cha Coville kilifika mikononi mwa bibi mmoja, Elizabeth White, binti wa mkulima wa New Jersey, mahali panapoitwa Whitesbog. Jamaa yake walilima kranberi, tunda jekundu la kinamasi, na pembeni ya mashamba yao bluberi ilijiotea yenyewe. Mwaka 1911 alimwandikia Coville akisema, kwa ufupi, kwamba yeye ana ardhi inayofaa, na yuko tayari kusaidia. Hivyo mtaalamu wa serikali na mkulima wakaanza kazi pamoja.

Nawaombeni mlisikilize vizuri neno hili la pili, maana linawahusu ninyi. Bibi White hakwenda mwenyewe kutafuta vichaka vizuri msituni. Aliwaita watu wa pale waliokuwa wakichuma bluberi porini kila mwaka, watu wasio na elimu kubwa, lakini waliojua kila kichaka na tabia yake. Akawapa kipande cha bati la alumini chenye tundu la upana wa inchi tano ya nane, yaani kama milimita 16. Akawaambia watafute kichaka ambacho tunda lake kubwa halipiti katika tundu hilo. Aliyekipata alilipwa, na kichaka kikapewa jina lake. Vikaja vichaka zaidi ya mia moja. Vikapandwa, vikatazamwa, vikaonjwa, na karibu vyote vikatupwa. Vilivyobaki unaweza kuvihesabu kwa vidole.

Kwa nini vingine vilitupwa, na vyote vilikuwa na matunda makubwa? Kwa sababu ukubwa peke yake hautoshi. Kimoja kilikuwa na tunda kubwa lakini halina ladha. Kingine kilizaa kidogo. Kingine kiliuawa na baridi, na kingine vipande vyake vilikataa kutoa mizizi. Kilichoshinda vyote kilikuwa kichaka cha mtu aitwaye Rube Leek. Kumpa mti jina la Rube hakukupendeza, kwa kuwa kwa Kiingereza lilikuwa neno la kumcheka mtu wa shamba, na Leek ni jina la mboga ya ukoo wa kitunguu. Basi wakachukua Rube, wakaongeza herufi ya kwanza ya Leek, wakapata Rubel. Aina hiyo ya Rubel inalimwa mpaka leo. Bluberi za kwanza za shambani ziliuzwa kutoka Whitesbog mwaka 1916.

KUOZA UA KWA UA

Kichaka cha porini, hata kikiwa kizuri namna gani, kina upungufu wake. Coville alitaka kuchukua wema wa kichaka kimoja na kuutia katika kingine. Alikuwa na kichaka cha New Hampshire kiitwacho Brooks, chenye ladha nzuri. Kwanza alijaribu kukioza Brooks kwa chavua yake chenyewe, akapata karibu si kitu. Akajifunza kwamba mti huu hupenda mwenzi mgeni. Alipokichanganya na kichaka cha New Jersey kiitwacho Sooy, alipata miche mingi, na katika miche hiyo zikatoka aina ziitwazo Pioneer na Katharine, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1920.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Ua la bluberi ni kama kengele ndogo nyeupe iliyoelekea chini. Kabla halijafunguka, mwenye kuchanganya hulifungua kwa koleo ndogo, akatoa petali pamoja na sehemu za kiume zote, akaacha ile sehemu ya kike imesimama peke yake kama sindano. Kisha huchukua ua lililofunguka la kichaka kingine, akalizungusha na kuligonga taratibu mpaka chavua ianguke, wengine juu ya kioo, wengine juu ya ukucha wa kidole gumba. Anaigusisha ile ncha ya kike katika chavua hiyo, akafunga kibandiko chenye majina ya mama na baba, akiandika mama kwanza. Nyuki wasipate kuingia. Nyuki mmoja akipita, hesabu yote ya ukoo imeharibika.

Tunda likiiva baada ya miezi miwili au mitatu, mbegu hutolewa. Ni ndogo kama vumbi la msumeno. Hutandazwa juu ya udongo mchachu wenye unyevu bila kufunikwa, kwa kuwa hupenda mwanga, na baada ya majuma machache vimche huchomoza. Kila kimche ni mtu mbali. Ndugu wa tumbo moja hawafanani: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mtamu, huyu mchungu.

Mnakumbuka mahindi yetu ya Kitale, Hybrid 611, yaliyotolewa mwaka 1964. Nayo yalipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya kutoka Ecuador. Lakini kwa mahindi lazima ununue mbegu mpya kila mwaka, kwa sababu uzao wa pili huharibika. Bluberi si hivyo. Ukishapata kichaka kimoja kizuri, hupandi mbegu yake tena. Unakata vipande vya matawi, kama tunavyofanya kwa muhogo, na kila kipande kitakuwa kichaka kile kile. Kwa hiyo mtu akikuuzia mche wa bluberi uliotokana na mbegu, akakuambia ni wa aina fulani yenye jina, anakudanganya au hajui kazi yake.

KUPIMA

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo watu wengi hawana saburi. Kuchanganya maua ni kazi ya siku chache. Kupima ni kazi ya miaka.

Mche wa mbegu huzaa matunda ya kwanza baada ya miaka miwili au mitatu. Mpimaji hupita katika mistari na daftari lake, akionja na kutema, akionja na kutema. Katika miche mia moja huenda akabakiza mmoja au miwili. Mingine yote hung'olewa. Ile iliyobaki hukatwa vipande, ikapandwa tena michache michache kando ya aina ya zamani inayojulikana, ili ziwe katika udongo mmoja, mvua moja na utunzaji mmoja. Usipokuwa na ya zamani kando yake, hujui kama mpya ni nzuri au kama mwaka ndio uliokuwa mzuri. Halafu hupelekwa sehemu nyingine zenye hali nyingine za hewa. Coville alipofariki mwaka 1937 alikuwa amekuza miche makumi ya maelfu, na aina zilizotolewa kwa kazi yake zilikuwa 15 tu.

Hutazama nini? Hutazama mavuno, bila shaka, kwa kuyapima kwa mizani kila mchumo, si kwa kukisia. Lakini tazameni pia mambo haya ambayo mnunuzi wa ng'ambo huyatazama kabla ya ladha. Tunda likichumwa huacha kovu mahali liliposhikamana na kikonyo. Kovu likiwa dogo na kavu, tunda hukaa. Kovu likiwa kubwa na kupasuka, maji hutoka, ukungu huingia, na sanduku zima huoza njiani. Tena tazama ule uvumbi mweupe juu ya ganda. Si uchafu wala dawa, ni nta ya tunda lenyewe. Ndio unaolipa rangi ya samawati, na vidole vingi vikilishika, hufutika. Bonyeza tunda kwa vidole viwili uone kama ni gumu au linalegea. Angalia kishada, kama matunda yamesongamana hata mchumaji huyapasua, au yana nafasi. Angalia kama yanaiva karibu pamoja au mchumaji hana budi kurudi mara kumi, kwa maana ujira wa kuchuma ndio unaokula faida.

Kichaka chenyewe nacho hupimwa. Kinasimama, au matawi yanalala chini matunda yakaingia matope? Mizizi yake inastahimili maji yakituama? Magonjwa ya ukungu ya matawi na ya matunda yanakishika upesi? Jambo moja jingine husahauliwa: je, vipande vyake vinatoa mizizi kwa urahisi? Aina nzuri isiyokubali kuzalishwa haina msaada kwa mtu.

Mfano mmoja utawaonyesha jinsi kazi hii ilivyo ndefu. Iko aina iitwayo Bluecrop, iliyokuja kuenea katika nchi za baridi kuliko nyingi nyingine. Babu na bibi zake wanne ni Jersey, Pioneer, Stanley na June. Maua yalichanganywa mwaka 1934, Coville angali hai. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 1952, miaka kumi na minane baadaye, na Coville alikwisha fariki zamani. Walioipima kwa miaka yote hiyo walikuwa watu wengine. Nayo ilipotolewa haikuwa bila kasoro: tunda gumu, kovu dogo, kichaka kinachovumilia ukame, lakini matawi yake huinama yakizidiwa na mzigo. Sijaona aina isiyo na kasoro, na mtu akikuambia anayo, mwulize ameipima miaka mingapi.

JAMBO LA BARIDI

Sasa nafika kwenye jambo litakaloamua fedha zenu. Mwaka juzi mkulima mmoja, nisimtaje, aliniita nikatazame vichaka vyake 60. Vilikuwa na majani mazuri ya kijani, ningejivunia kuwa navyo mimi mwenyewe. Lakini mwaka ulikuwa wa tatu, na maua hayakujaa hata kikombe. Nikamwuliza aina gani. Akaleta kibandiko cha mwuzaji, kimeandikwa "Bluberi Bora" basi. Tulipofuatilia, tuliona kwamba huenda ni aina ya nchi za baridi. Aina hizo hutaka kulala. Zisipopata saa 800 na zaidi za baridi ya chini ya digrii 7, hazichanui ipasavyo. Hapa kwetu asubuhi za Julai twavaa makoti, ni kweli, lakini saa hizo hazifiki.

Coville ndiye aliyelithibitisha jambo hili pia. Aliweka kichaka katika nyumba ya kioo yenye joto wakati wa baridi kali, akatoboa tundu katika kioo, akatoa tawi moja nje. Majira ya kuchipua yalipofika, lile tawi lililopigwa na baridi likatoa majani, na matawi mengine ya kichaka hicho hicho, yaliyokaa katika joto, yakabaki yamelala. Kichaka kimoja, mizizi mimoja, na tawi moja tu ndilo lililoamka. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1920.

Basi tungekosa bluberi milele sisi watu wa nchi zisizo na theluji, kama asingetokea Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida. Florida ni jimbo la joto la kusini mwa Marekani. Mwaka 1948 alianza kuchanganya bluberi ndefu za kaskazini na kichaka kidogo cha porini cha Florida, kisichopukutisha majani, na ambacho hakidai baridi nyingi. Tunda lake ni dogo, mnunuzi asingelitazama mara mbili. Lakini lile ambalo Sharpe alilitaka kwake lilikuwa tabia, si tunda. Alihitaji vizazi kadhaa kurudisha ukubwa wa tunda bila kuipoteza tabia hiyo, na miaka ya 1970 zikatoka aina kama Sharpblue. Baadaye watu wengine wa kusini nao walitoa zao. Mojawapo ni Biloxi, iliyotolewa mwaka 1998 na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Mississippi, ikaenea sana Mexico na Peru. Aina za ukoo huu hubaki na majani mwaka mzima katika nchi kama yetu, na mkulima huzipangia mavuno kwa kuzikata matawi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwuza miche si bei. Ni hili: aina gani, na inataka saa ngapi za baridi? La pili: mwenye aina hii ni nani? Aina za zamani kama Rubel na Bluecrop hazina mwenyewe tena, lakini hizo ndizo zisizotufaa kwa ajili ya baridi. Nyingi za siku hizi zina mwenyewe kwa sheria, na huna ruhusa ya kukata vipande ukazalisha na kuuza bila idhini yake. Katika Kenya haki hizo huandikishwa KEPHIS, na huko huko ndiko hutolewa kibali cha kuingiza miche kutoka nje. Nawasihi msinunue miche iliyovushwa mpakani ndani ya gunia. Ugonjwa wa mizizi hausomi sheria, lakini husafiri katika gunia vizuri sana.

NINYI MFANYEJE

Msipande ekari. Anzeni na vichaka vichache, tuseme kumi vya aina moja na kumi vya nyingine, mstari kwa mstari, si kila aina kona yake. Aina mbili zikiwa karibu, nyuki huchukua chavua huku na huku, na matunda huwa makubwa zaidi. Weka mzinga mmoja jirani. Kama udongo si mchachu, pandeni ndani ya madebe makubwa au mifuko yenye udongo ulioandaliwa, yenye matundu ya kutosha chini. Funika juu kwa maganda ya mbao au majani ya misonobari. Pimeni maji kabla ya kitu cho chote.

Kisha fanyeni kama walivyofanya Whitesbog. Kateni bati lenye tundu, gharama yake ni bure. Kila mchumo pima uzito wa kila mstari, andika katika daftari la mtoto wa shule pamoja na tarehe. Weka bakuli moja la kila aina kwenye rafu kwa siku saba, bila kuligusa, utazame lipi linalotoa maji kwanza. Mpe mnunuzi aonje bila kumwambia jina. Fanya hivyo misimu miwili au mitatu kabla ya kukopa fedha za kupanua. Na kama katika mistari yako kiko kichaka kimoja kinachowashinda wenzake kila mwaka, usikae kimya, njoo uniite.

Nimeleta hapa sahani mbili, moja nimeiandika A na nyingine B, na kipande cha bati chenye tundu la milimita 16. Zimechumwa siku moja, Jumatatu iliyopita. Tafadhalini piteni mmoja mmoja, mama wenye watoto watangulie. Tazameni kovu kwanza, kisha bonyezeni, kisha onjeni. Mkishamaliza, kila mtu anipe kura yake, A au B, nami nitaandika.